Munakimbia Nini? Siku tatu kwa kinga katika mabonde ya Idjwi

Akina mama na akina dada, tangu juma lililopita mnatuuliza sokoni na mlangoni mwa kanisa kwa nini nyuso zetu zimeungua na jua, na kwa nini mwalimu mmoja wa darasa la tatu anatembea kama bata. Sasa tunajibu wote mara moja. Tulikuwa wanawake watano wa chama chetu. Tulitoka Bukavu na kinga tano, tukavuka ziwa, tukapita kisiwa cha Idjwi kutoka kusini hadi Bugarula, tukalala nje usiku mbili. Hakuna aliyetutuma. Hapakuwa msiba, hapakuwa arusi, hapakuwa mafunzo ya kulipwa. Tulikwenda kutembea tu.

Neno hilo dogo, kutembea tu, ndilo lililotupa kazi kubwa kuliko vilima.

Mawazo yalianza mwezi wa tano, tulipogawa pesa za likelemba. Mmoja wetu alisema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kutoka mji bila mzigo kichwani au maiti mbele yake. Tulicheka, kisha tukanyamaza, sababu kila mmoja alianza kuhesabu safari zake. Kabare kwa kuzika. Walungu kwa mahari. Uvira kutafuta samaki wa kuuza. Tulihesabu, hatukupata safari moja ya bure. Basi tukapatana kwamba kila mmoja ataweka franka elfu tano kila juma kando ya likelemba ya kawaida, na mwisho wa mwezi wa nane, kabla masomo hayajafunguliwa, tutakwenda mahali kwa kinga.

Tuliwajulisha nyumbani. Mume mmoja aliuliza, bila hasira hata kidogo, "Mtu ana nyumba na kitanda, anaenda kulala inje, ni kwa nini?" Hatukuwa na jibu. Tulimwachia watoto, naye akatuazima kinga yake, na kwa hiyo tunamshukuru katika gazeti hili mbele ya watu wote.

Tuseme ukweli: wawili kati yetu hawakujua kupanda kinga. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa kwamba msichana akipanda kinga hatazaa vizuri, na ndugu zetu wa kiume waliambiwa hivyo kwa furaha sana, sababu kinga ilibaki yao. Kwa hiyo kila siku ya posho mchana tulikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule, mmoja akishika kiti kwa nyuma na mwingine akipiga kelele "Kanyaga! Usiangalie chini!" Vijana walikuja kucheka. Juma la tatu walichoka kucheka. Juma la tano mmoja wao alituonyesha namna ya kubandika rustini kwenye shambrere, na tukamlipa mandazi.

Kuhusu nguo: suruali chini, kikwembe juu, kimefungwa kwa nyuma kama mkia. Siku ya kwanza tulikifunga kwa mbele kama kawaida, na mnyororo ukala kikwembe cha Muuguzi hadi kiunoni. Ilitubidi kukata kwa kisu.

Tulivuka siku ya tano asubuhi. Kinga zilifungwa juu ya boti kwa kamba, pamoja na magunia ya unga na magodoro ya watu. Hapa tunawaomba: musipande boti isiyo na jile za kuokoa, hata kama bei ni nafuu, hata kama ndugu yenu ndiye dereva. Ziwa Kivu linaonekana limelala, lakini ni refu sana kwenda chini, na upepo wa mchana haubishi hodi. Sisi tulikataa boti ya kwanza. Walituita waoga. Tulingoja ya pili.

Idjwi si mbali kwa macho. Kutoka Bukavu siku ya anga safi tunakiona, mgongo wa samaki mkubwa katikati ya maji. Ni kisiwa kirefu, kama kilometa 40, nacho ni teritware nzima ya Kivu ya Kusini yenye usheferi mbili, Ntambuka upande wa kusini na Rubenga kaskazini. Maji ya ziwa yenyewe yako kwenye mita 1460 juu ya bahari, na vilima vinapanda kutoka hapo, kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba kisiwa ni tambarare aje na mapafu mengine ya akiba. Magari ni machache sana. Pikipiki zipo, motari wanajua kila jiwe. Mengine yote yanakwenda kwa miguu, na miguu ile mingi ni ya wanawake.

Njia ya huko inafanya hivi: inapanda kilima, inakupa dakika mbili za kuona ziwa, kisha inaanguka bondeni ambako kuna kijito, migomba na watu wanaofua nguo, halafu inapanda tena. Kutwa nzima ni hivyo. Kwenye kupanda tulisukuma. Hakuna haya katika kusukuma. Kwenye kuteremka ndipo tulipojua kwamba aliyetuuzia kinga ya Mshonaji, huku akiapa kwa jina la mama yake kwamba fre ni mpya, alikuwa mtu wa uongo. Mshonaji alitupita sote akiwa kimya kabisa, macho yamefunguka, akakosa kona, akaingia katika shamba la viazi vitamu. Mwenye shamba aliacha jembe lake, akaja mbio. Tulifikiri anakuja kugomba juu ya matuta yake. Alimwinua Mshonaji, akampangusa udongo, akamuuliza neno moja.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Tunatembea tu."

Mama yule alitazama kinga, akatazama masufuria yaliyofungwa nyuma, akatutazama sisi. Hakuamini. Kwake mwanamke anayekimbia hivyo kilimani lazima anawahi maziko. Kabla ya kutuacha alitupa pole, ikiwa ni kwa marehemu ambaye tunamficha.

Siku ile tuliulizwa swali lile mara sita au saba. Ulikuwa wakati wa kutayarisha mashamba ya maharagi, mvua inakaribia, na kila bonde lilikuwa na wanawake wanaolima kwa mstari. Waliinua vichwa wote pamoja. Muuguzi anasema Mashi, na Kihavu chao kinakaribiana nayo, basi yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Mwisho alichoka, akaanza kujibu kwamba tunakwenda kumsalimia mjomba. Jibu hilo lilipokewa vizuri sana. Hakuna aliyeuliza mjomba ni nani.

Jioni tulifika katika kijiji kimoja chenye shule ya matofali. Tulikwenda kwanza kwa kapita, tukaonyesha karte zetu, tukaeleza. Alikubali tulale katika kiwanja cha shule, akatutumia kijana wa kutuchotea maji. Tulikuwa na hema moja dogo la kuazima, la watu wawili, na kwa wengine watatu tulikuwa na shitingi na kamba. Tulifunga kamba kati ya mikaratusi miwili, tukatupa shitingi juu yake, tukaweka mawe pembeni.

Watoto walikuwa wamekwisha jaa. Mwanzo walikuwa na kelele kama watoto wote. Shitingi iliposimama, kelele zilishuka. Msichana wa miaka kama tisa, mwenye mdogo wake mgongoni, alisogea akauliza kwa heshima:

"Mama, munakimbia nini? Vita iko wapi?"

Sisi walimu tuna majibu ya maswali ya watoto. Hili hatukuwa nalo. Tuliongoza safari nzima tukiwaza fre, unga, chumvi, kiberiti, dawa ya malaria. Hatukuwaza kwamba katika nchi yetu hema si kitu cha kutembea. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka ziwa wakafika hata kisiwani humu, na wazee wa pale wanakumbuka walivyolala. Mwaka 1996 ilikuwa zamu yetu sisi wa Bukavu kutoka na mafurushi. Tangu wakati huo ni nani kati yetu anayeona shitingi akafikiri juu ya kupumzika? Idjwi haikupita katika moto kama sisi wa ng'ambo, na watu wengi wanakiita kisiwa cha amani, lakini hata mtoto wa huko aliyezaliwa juzi anajua maana ya shitingi.

Tulimjibu kwamba hakuna vita, kwamba sisi ni walimu na akina mama wa chama. Alitikisa kichwa. Baadaye kidogo walikuja watu wazima wawili kuuliza kitu kile kile kwa kuzunguka.

Kisha akaja mama mzee. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza baada ya shule. Hakuuliza juu ya vita. Alikuwa amekasirika. "Mimi niko na nyumba. Niko na mkeka. Munalala inje ya mlango wangu kama mbwa, kesho watu watasema nini juu yangu?" Tulijaribu kueleza kwamba kulala nje ndiyo safari yenyewe. Maneno hayo, tukiyasikia yakitoka vinywani mwetu mbele ya mama yule, yalikuwa ya kipumbavu kabisa. Mwisho Muuguzi alipata njia: tutalala kiwanjani, lakini tutakula kwake. Tulipeleka unga na sambaza wetu, yeye akatoa sombe na pilipili, tukakaa chini jikoni mwake tukasonga bugali pamoja. Alikula kidogo, akaongea sana. Sambaza, alisema, hawakuwako alipokuwa mtoto mdogo. Na ni kweli: samaki hawa waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatujui tungekula nini bila wao. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, alipojua kwamba hata sambaza ni wageni waliolala wakazoea.

Tuliporudi kiwanjani, Mkubwa wetu hakuingia chini ya shitingi.

Mkubwa wetu ni yule anayeuza vikwembe, mnamjua wote. Ndiye mzee kati yetu na ndiye aliyesukuma kinga kwa nguvu kuliko sisi mchana kutwa. Alikaa karibu na moto. Tulimwita, akasema moshi unamfukuzia mbu. Hakuna mbu wengi kwenye baridi ile. Mdogo wetu alitoka usiku akamkuta bado amekaa, kikwembe kichwani, anaongeza vijiti kimoja kimoja. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na hatukumuuliza, sababu kuna mambo ambayo mtu mdogo hamwulizi mkubwa wake.

Siku ya pili ilikuwa nzuri. Tungeweza kuandika ukurasa mzima juu ya mananasi tu. Mananasi ya Idjwi hufika Bukavu yakiwa yamechoka kama abiria; ukilila nanasi pale shambani, likiwa bado na joto la jua, utajua kwamba miaka yote tumekula jina lake. Tulinunua manne, tukala manne, tukajuta kwa saa moja, tukaendelea.

Kahawa ipo kila bonde, miti midogo chini ya migomba. Katika bonde moja tulipumzika na wanawake wanaochagua kahawa, wanaitoa ile mibovu kwa vidole haraka kuliko tunavyohesabu pesa. Walitueleza habari ambayo tuliijua nusu. Zamani, bei ya kahawa ilipokuwa ya kuchekesha, wanaume waliipakia usiku katika mitumbwi, wakavuka kuiuza Rwanda kwa kificho. Usiku wenye upepo wengine hawakurudi. Kwa hiyo, walisema, ukiona huku mwanamke mwenye shamba la kahawa peke yake, usimwulize mumewe yuko wapi. Sasa wengi wanauza kwa pamoja katika kooperative, kahawa inaoshwa na kupimwa mchana mbele ya macho ya kila mtu. Mmoja wao aliomba kujaribu kinga. Tulimshika kama tulivyoshikana wenyewe uwanjani. Alikwenda mita kumi, akaanguka, akasimama, akasema kwamba kwa kinga angepeleka kilo nyingi zaidi kwenye kipimo, na mgongo wake ungepumzika. Akauliza bei. Tulipomtajia alirudi kwenye kahawa yake, akaendelea kuchagua.

Tunaiandika hii sababu inatusumbua. Katika siku tatu tulihesabu kinga zilizotupita. Zilikuwa nyingi kiasi, za ndizi, za magunia, za kasiksi. Hatukuona hata moja inayoendeshwa na mwanamke. Lakini migongo yenye mizigo, kamba ikipita kwenye paji la uso, tuliacha kuhesabu kabla ya saa sita mchana.

Mchana tairi la Mdogo wetu lilitoboka mara mbili, na mara ya pili rustini zilikuwa zimekwisha. Tulishona pine kwa sindano ya Mshonaji na uzi wa nailoni, tukaweka kipande cha shambrere ya zamani ndani. Fundi yeyote ataona aibu akiitazama kazi ile. Ilifika Bugarula.

Jioni mawingu yalikuja juu ya ziwa kutoka upande wa Kalehe. Tulikuwa juu ya bonde lenye migomba mingi, karibu na kanisa dogo. Katekista alituruhusu kukaa uani. Hatukuwa tumemaliza kufunga kamba, mvua ya kwanza ya msimu ikafika, ile ambayo wakulima wanaiomba na wasafiri wanaitukana. Hema dogo liliingia maji mara moja. Wote tulikimbilia chini ya shitingi, watu wanne wamebanana, magoti kwenye videvu.

Wanne. Mkubwa wetu alisimama chini ya ukingo wa paa la kanisa, kikwembe kimeloa.

Mshonaji alitoka akamfuata. Hatukusikia waliyosema. Walirudi pamoja, Mshonaji amemshika mkono kama tunavyomshika mtu anayejifunza kinga, na Mkubwa akainama akaingia. Alikaa katikati yetu. Mvua ilipiga shitingi kwa sauti ile ambayo waliowahi kuisikia wanaijua, sauti ya mtu anayemwaga maharagi katika sufuria bila kuacha. Alikuwa anatetemeka, si kwa baridi tu.

Baada ya muda alisema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaja bei: "Mama yangu alifia chini ya sauti hii." Ilikuwa mwaka 1996, njiani, siku nyingi kwa miguu kutoka Bukavu. Mama yake alikuwa na kuhara. Walikuwa na shitingi moja kwa watu kumi na mmoja. Usiku ulikuwa wa mvua, na kila mtu alivuta upande wake. Kulipopambazuka walimzika, na shitingi ile ile wakaikata nusu: nusu ya kumfunika yeye, nusu ya kuendelea nayo. Mkubwa ndiye aliyeshika kisu.

Miaka yote hii tunauziwa naye vikwembe, anatuongezea nusu mita bure, hatukujua.

Hakuna aliyesema pole, jambo ambalo ni ajabu kwetu. Muuguzi alianza kumsugua mgongo. Mdogo wetu, ambaye hajui kunyamaza, aliuliza kama mama yule alijua kupanda kinga. Tulitaka kumfinya. Lakini Mkubwa alicheka, kicheko cha kweli, akasema kwamba mama yake aliogopa hata punda. Kisha akatueleza habari zake: jinsi alivyouza chumvi, jinsi alivyomfukuza mkusanya kodi kwa mchi, wimbo aliouimba wakati wa kutwanga. Aliongea hadi mvua ikapungua. Alilala kabla yetu, kichwa kwenye bega la Mshonaji, akikoroma kiasi kwamba katekista asubuhi aliuliza kama tulikuwa na mwanamume.

Siku ya tatu, siku ya yenga, tulitoka baada ya misa. Udongo mwekundu wenye maji ni kama sabuni, basi mwanzo tulitembea pembeni ya kinga tukiwa tumezishika kama ng'ombe wakorofi. Jua likapanda, njia ikakauka. Kuteremka kwa mwisho kuelekea Bugarula ziwa lilikuwa limefunguka lote, na Mkubwa wetu, ambaye siku mbili alikuwa akiteremka na miguu chini, aliinua miguu yote miwili juu. Hakupiga kelele. Alikwenda tu, mkia wa kikwembe unapepea, hadi chini kabisa.

Bandarini, tukingoja boti, mzee mmoja mwenye fimbo alizunguka mizigo yetu, akaitazama shitingi iliyokunjwa na yenye matope, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Munakimbia nini, wamama?"

Mkubwa wetu ndiye aliyejibu. "Hatukimbie kitu, mzee. Tunatembea tu." Kisha akamuuliza bei ya ndizi zake, akaipunguza hadi nusu.

Tumerudi wote wazima. Kinga ya Mshonaji imepata fre mpya, za kweli safari hii, tulizijaribu kabla ya kulipa. Zilizobaki katika sanduku la safari ni franka elfu kumi na nane, na mweka hazina anazo kwenye daftari. Siku ya posho saa nane mchana tuko tena kwenye uwanja wa shule kwa wanaotaka kujifunza. Njoo na suruali ya kuvaa chini ya kikwembe. Mkubwa wetu amesema atakuja na mke wa mwanawe.